Waya mmoja, saa mbili: 1/17 ya Philips ilitoka wapi?

Nyuma ya mitambo ya muziki ya vipande ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ile ambayo amplifaya hukaa chini, deki ya kaseti juu yake na sidii juu kabisa, utakuta nyaya za sauti zimesokotana. Philips walibuni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ya waya mwingine, ambao haubebi sauti yoyote. Unabeba amri: kifaa kimoja kikitaka kingine kifanye jambo, kinakitumia mfuatano wa biti. Waya ni mmoja, vifaa ni vingi, na hakuna waya wa pili wa kupigia mdundo ili wote waende pamoja. Kila kifaa kina saa yake, na saa hizo hazilingani.

Mwaka 1994 Bosscher, Polak na Vaandrager, kule Uholanzi, walichapisha uthibitisho wa kihesabu kwamba itifaki ya waya huo ni sahihi mradi kosa la saa liwe chini ya 1/17. Walifanya kazi hiyo kwa mkono. Mwaka uliofuata Ho na Wong-Toi waliiacha programu iitwayo HyTech ilitafute sharti hilo yenyewe, nayo ikatoa 1/17 ileile. Mwaka 1996 kundi jingine likaiingiza itifaki hiyo kwenye UPPAAL, zana ya kukagua mifumo inayotegemea muda, iliyojengwa na vyuo vikuu vya Uppsala, Sweden, na Aalborg, Denmark (jina lake ni vipande vya majina ya miji hiyo), safari hii wakiwa na watumaji wawili wanaoweza kugongana.

Wanaofundisha otomata za muda, yaani michoro ya hali na mishale iliyopewa saa, ambayo zana kama hizo huikagua, hupenda kuanza na taa inayobonyezwa mara mbili, au treni zinazogombea daraja moja. Ni mifano mizuri, ila mwanafunzi akimaliza hubaki akijiuliza nani anahitaji hayo yote. Kisa cha Philips ni kitu kilichobuniwa na wahandisi kwa ajili ya kuuzwa, na bado ni kidogo kiasi kwamba jibu lake unaweza kulikokotoa kwa kalamu.

Tuanze na namna biti zinavyosemwa. Kila biti imepewa kipindi cha mikrosekunde 888. Katikati ya kipindi volteji lazima ibadilike: ikipanda, biti ni 1, ikishuka, biti ni 0. Huu ndio msimbo wa Manchester. Biti mbili zinazofanana zikifuatana, volteji inalazimika kurudi ilikotoka kwenye mpaka wa vipindi, ili ipate pa kupandia au kushukia tena. Badiliko hilo la mpakani halina ujumbe. Ni kujipanga tu.

Lau mpokeaji angeona kupanda na kushuka vyote viwili, tusingekuwa na kisa. Lakini kwenye waya huu volteji hupanda kwa haraka na kushuka kwa kusuasua, kwa hiyo wabunifu waliamua kwamba mpokeaji asitegemee kushuka. Anaona kupanda peke yake. Nusu ya barua imefutwa, na msomaji anatakiwa aikamilishe kwa kupima nafasi kati ya herufi zilizobaki.

Gawa kipindi katika robo nne, kila robo mikrosekunde 222. Tuseme mpokeaji amesoma 1, yaani ameona volteji ikipanda katikati ya kipindi. Biti inayofuata ikiwa 1, kupanda kwingine kutakuja baada ya robo 4. Zikifuata 0 na 0, volteji itashuka katikati ya kipindi kijacho, kisha itapanda mpakani ili ishuke tena: robo 6. Ikifuata 0 kisha 1, hakuna kupanda kokote hadi katikati ya kipindi cha pili: robo 8. Akiwa amesoma 0 kwa kupanda kwa mpakani, robo 4 ni 0 nyingine na robo 6 ni 1. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Mpokeaji anaweka mipaka yake katikati ya namba hizo, kwenye robo 5 na robo 7. Akiwa ametoka kwenye 1 na saa yake ikafika robo 9 kukiwa kimya, anahesabu kwamba ujumbe umekwisha. Akiwa ametoka kwenye 0, hungoja hadi robo 7 tu.

Kuna shimo moja hapo. Ujumbe "1" na ujumbe "10" vinafanana kabisa masikioni mwa mpokeaji, kwa sababu ile 0 ya mwisho ni kushuka kutupu. Philips waliliziba kwa kanuni: kila ujumbe huanza na 1, na ama idadi ya biti zake ni witiri, ama unaishia na 00. Mpokeaji akifika mwisho kwenye 1 huku ameshika biti za shufwa, anajua kuna 0 iliyompita, anaiongeza. Kanuni hii naipenda kwa ujanja wake. Tutaona mbele kidogo kwamba ina upande wake wa pili.

Sasa saa. Vichakataji ndani ya vifaa hivyo ni vya bei nafuu na vina shughuli nyingine, hivyo Philips waliruhusu kila upande ukosee kwa hadi 5%. Mtumaji anayetaka kungoja robo 8 anaweza kungoja pungufu au zaidi kwa kiasi hicho, na mpokeaji anayedhani amefika robo 9 naye vilevile. Hali mbaya kabisa ni pale mtumaji anapochelewa huku mpokeaji akiwahi, au kinyume chake. Wakikosea wote upande mmoja, makosa yanafutana.

Liite kosa hilo k. Ili robo 4 isivuke mpaka wa 5, lazima 4(1 + k) iwe ndogo kuliko 5(1 - k), yaani k iwe chini ya 1/9. Ili robo 6 isirudi chini ya mpaka wa 5, lazima 6(1 - k) iwe kubwa kuliko 5(1 + k): 1/11. Robo 6 isivuke 7: 1/13. Robo 8 isirudi chini ya 7: 1/15. Robo 8 isivuke 9: 1/17. Sehemu zinashuka kama ngazi, na ya chini kabisa ndiyo inayotawala zote. Ndiyo hiyo 1/17, karibu 5.88%. Philips walitaka 5%, yaani 1/20, kwa hiyo walikuwa salama.

Salama kwa kiasi gani? Mtumaji aliyechelewa kupita wote atapandisha volteji kwenye mikrosekunde 1,864.8. Mpokeaji aliyewahi kupita wote atakata tamaa kwenye 1,898.1. Katikati kuna mikrosekunde 33.3. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema uthibitisho huu ulimaliza kwa "sahihi". Jibu lenye manufaa kwa mhandisi ni hiyo namba. Mtu akija kesho na kichakataji cha bei rahisi zaidi, au akiongeza kazi moja ndani ya programu ya amplifaya, anajua ana nafasi kiasi gani kabla nyumba haijaanguka.

Msomaji anaweza kuuliza: kama hesabu ni tano na zote za darasa la sekondari, otomata za nini? Swali la haki. Hesabu hizo tano tumezipata kwa sababu tulijua pa kutazama. Tulikubali bila kuuliza kwamba hali alizotaja mbunifu ndizo pekee, kwamba mpokeaji hawezi kujikuta ametoka kwenye 0 huku mtumaji akidhani ametoka kwenye 1, na kwamba kanuni ya witiri inaziba kila shimo. Kazi ya zana ni kutokubali chochote kati ya hayo.

Otomata za muda zililetwa na Rajeev Alur na David Dill mwanzoni mwa miaka ya 1990. Makala yao kamili ilitoka mwaka 1994. Chukua mchoro wa kawaida wa hali na mishale, kisha uupe saa. Saa zote zinatembea kwa kasi moja, na kila moja inaweza kurudishwa sifuri peke yake unapopita mshale fulani. Kwenye mshale unaandika sharti: upite tu ikiwa saa imefika hapa. Ndani ya hali unaandika mwisho wa kukaa: usibaki humu saa ikizidi pale. Sharti la mshale linaruhusu, mwisho wa kukaa unalazimisha, na wanaoanza hulichanganya hili kila mara. Ukisahau mwisho wa kukaa, otomata yako inaweza kukaa kwenye hali moja milele bila kuvunja sheria yoyote, nawe utashangaa kwa nini zana inasema mtumaji hajawahi kutuma.

Saa zikitembea kwa kasi moja, tutapataje saa zinazopishana? Kwa vipimo vya kati. UPPAAL inataka namba kamili, kwa hiyo igawe robo katika vipande 20. Nusu kipindi ni vipande 40, na 5% yake ni 2. Mtumaji anakuwa na hali yenye mwisho wa kukaa 42 na mshale wenye sharti la angalau 38. Anaondoka popote katikati ya hapo, zana ichague. Upande wa mpokeaji, mpaka wa robo 9 ni vipande 180, nao unageuka kuwa dirisha la 171 hadi 189. Anaporudisha saa yake sifuri kila anapoona kupanda, hakuna kosa linalobebwa kutoka kipindi kimoja kwenda kingine. Ndiyo maana ujumbe mrefu hauna hatari kuliko mfupi.

Biti zenyewe mtumaji huzichagua ovyo, ila akifuata kanuni ya kuanza na kuishia. Huwezi kuhifadhi ujumbe mzima, kwa sababu urefu wake hauna kikomo na kumbukumbu ya zana inacho. Lakini mpokeaji hachelewi nyuma ya mtumaji kwa zaidi ya biti chache. Hifadhi hizo chache tu, zilizotumwa na bado hazijasomwa, na umpe mpokeaji kazi ya kuzifuta moja moja anapozisoma. Akisoma kitu kisicholingana na kilicho mbele ya foleni, au akitangaza mwisho foleni ikiwa na mabaki, otomata inaingia kwenye hali inayoitwa kosa. Swali unaloiuliza zana linabaki kuwa jepesi: je, kuna njia yoyote ya kufika kwenye kosa?

"Njia yoyote" ni maneno mazito, maana kati ya 38 na 42 kuna nyakati zisizohesabika. Alur na Dill walionyesha kwamba huhitaji kuzipitia moja moja. Masharti yote yakiwa ya namba kamili, otomata haina namna ya kutofautisha saa iliyofika 38.2 na iliyofika 38.7, isipokuwa kwa swali moja: kati ya saa mbili, ipi itaifikia namba kamili inayofuata kwanza? Kwa hiyo nyakati zisizohesabika zinaangukia katika makundi yenye idadi, na ukikagua kundi umekagua wote waliomo. Makundi hayo yanaweza kuwa mengi mno, hivyo zana kama UPPAAL huyaunganisha kuwa maeneo makubwa zaidi. Msingi ni uleule.

Weka vipande 20 kwa robo na kosa la 1/20: robo 8 haizidi 168, robo 9 haipungui 171, na kosa halifikiwi. Sasa igawe robo katika vipande 17 na uweke kosa la 1/17. Robo 8 ni 136, na ikichelewa kabisa ni 144. Robo 9 ni 153, na ikiwahi kabisa ni 144. Zimekutana. Volteji inapanda na mpokeaji anakata tamaa katika nukta ileile, na otomata inaruhusiwa kuanza na yoyote kati ya hayo mawili. Zana haimwonei mtu huruma. Itachagua lile baya. Ndiyo sababu sharti ni chini ya 1/17, na 1/17 yenyewe haimo.

Ukienda hadi 6%, mpokeaji anakata tamaa kwenye mikrosekunde 1,878.12 na volteji inapanda kwenye 1,882.56, imechelewa kwa chini ya mikrosekunde 5. Ujumbe mfupi kabisa unaoanguka ni 101. Fuata kinachotokea. Mpokeaji anasoma 1, anangoja, saa yake inafika robo 9. Ameshika biti moja, witiri, kwa hiyo haongezi chochote: anatangaza ujumbe "1" umefika salama. Kisha volteji inapanda. Kila ujumbe huanza na 1, naye hayumo katikati ya ujumbe wowote, basi huu ni mpya. Anangoja tena, kimya, anatangaza "1" ya pili. Mtumaji ametuma ujumbe mmoja wa biti tatu. Mpokeaji amepokea jumbe mbili za biti moja moja, zote halali kwa kanuni zote za itifaki. Hakuna taa nyekundu, na katika ngazi hii hakuna anayejua kwamba kitu kimeharibika. Kanuni ya witiri, iliyoziba shimo la kwanza, hapa inaupa uongo muhuri.

Fikiria sasa kulisaka kosa hili kwa majaribio ya mezani. Unahitaji mtumaji mzito na mpokeaji mwepesi kwa wakati mmoja, ilhali vifaa viwili vilivyotoka kwenye boksi moja vina uwezekano mkubwa wa kuelekea upande mmoja. Unahitaji pia wakose kwa pamoja kwenye 01 inayofuata 1; kwenye biti nyingine zote hata 6% inapita bila shida, kwa kuwa ngazi inayofuata ni 1/15, karibu 6.67%. Mitambo mia mezani inaweza kucheza wiki nzima isikuonyeshe kitu. Kisha ikiwa sebuleni kwa mtu, sidii inakataa kuitika siku moja, mwenyewe anaizima na kuiwasha, inaitika, na habari inaishia hapo.

Tofauti ya HyTech na UPPAAL inastahili neno. UPPAAL inataka uipe k namba: 1/20 ndiyo, 1/17 hapana, nawe unasogea polepole hadi uuone mpaka. HyTech, iliyotengenezwa na Henzinger, Ho na Wong-Toi kule Cornell, Marekani, inaruhusu k ibaki herufi na inarudisha sharti lenyewe. Ni raha, ila ina bei yake: kwa otomata zenye herufi za namna hiyo hakuna njia ya jumla inayohakikisha kwamba hesabu itafika mwisho. Unawasha, unasubiri, na huenda ukasubiri tu. Kwa itifaki hii ilifika.

Hadi hapa mtumaji alikuwa mmoja. Uthibitisho wa 1994 ulisema hivyo waziwazi, na ni heshima kwa waandishi wake, kwani waya halisi una vifaa vingi na viwili vinaweza kuanza kusema kwa pamoja. Mtumaji mwenye adabu huusikiliza waya huku akituma: akiwa yeye ameshusha volteji na akaikuta iko juu, anajua kuna mwingine, anaacha. Lakini anasikiliza saa ngapi? Volteji inashuka kwa kusuasua. Akisikiliza mapema mno, atauona mkia wake mwenyewe na kudhani ni mgeni. Akichelewa mno, mgeni atakuwa ameshamharibia biti. Kwa hiyo kuna dirisha, nalo limebanwa na makosa ya saa mbili za watumaji juu ya yale ya mpokeaji. Hapo kalamu inaanza kuchoka. Mishale ya watumaji wawili na mpokeaji inapishana kwa namna nyingi kuliko mtu anavyoweza kuandika bila kuruka mojawapo.

Hata mashine ilichoka. Bengtsson, Larsen, Pettersson, Wang Yi na wenzao walipoileta itifaki yenye mgongano kwenye UPPAAL mwaka 1996, tatizo lilikuwa kumbukumbu. Otomata moja ikitaka kuwaambia wenzake wawili jambo lilelile kwa wakati mmoja, ilibidi iwaambie mmoja baada ya mwingine, kwa kupitia hali ndogo ya katikati. Zana nayo, kwa uaminifu wake, ilikagua kila kinachoweza kutokea otomata ikiwa imesimama pale katikati: huyu asogee kwanza, yule asogee, wote wasogee. Matukio hayo hayamo kwenye waya wowote wa Philips. Yalizaliwa na uandishi wa modeli. Dawa yao ilikuwa kuongeza aina mpya ya hali ambayo otomata ikiingia, muda hausogei na hakuna mshale mwingine unaoruhusiwa kupita mpaka itoke. Kumbukumbu na muda wa kukagua vikapungua sana, na itifaki yenye mgongano ikakaguliwa. Hali hizo zimo kwenye UPPAAL hadi leo, zikichorwa kwa herufi C ndani ya duara.